Mzee Augustino Arudishwa Kwao

Ukitaka kumkasirisha Severa, muuza masufuria wa jumla pale Kariakoo, mwambie kwamba wanaolala barazani ni wezi. Yuko radhi kufunga duka mchana kweupe aende ofisi ya mtaa akawatetee. Mgambo walipowafukuza, ni yeye aliyewafuata na kuuliza ni sheria gani inayomkataza mtu mzima kusinzia. Wenye maduka wenzake wakamwita wakili asiye na joho. Alicheka, akaendelea.

Aliyetetewa naye kuliko wote ni mzee Augustino, mtu wa Masasi, aliyevuta mkokoteni sokoni mpaka goti likamgomea. Alilala juu ya maboksi kwenye baraza ya Severa, na asubuhi alifagia bila kuambiwa. Mwaka jana majirani walichoka, wakataka baraza zote zitiwe nondo. Kikao kikaitishwa. Severa akasimama, akasema mzee yule si takataka ya kufagiwa, ana kwao. Wampe muda amrudishe kwa heshima, kisha na yeye atafunga baraza yake.

Hapo ndipo alipokosea, maskini, tena kwa moyo mweupe kabisa. Severa ni Mchagga wa Kibosho. Kwao hata mlevi aliyeshindwa na maisha ana migomba ya babu yake inayomngoja, na Desemba ikifika kila mtu anaijua njia. Mwanamume asiye na shamba la baba yake hakuwahi hata kumfikiria. Basi akachangisha kwenye jumuiya ya kanisa, akanunua shati, blanketi na tiketi ya basi. Watu walitoa kwa furaha, wengine wakataka na kupiga picha.

Mzee alipoambiwa aliinamisha kichwa. "Niache tu hapahapa, Mama Nice," alisema, akimwita kwa jina la binti yake. Severa akadhani ni haya ya mtu anayerudi nyumbani mikono mitupu. Akambembeleza mpaka mzee akashukuru na kupanda basi. Wiki hiyohiyo fundi akaja kuchomelea nondo.

Masika yalikuwa yameanza alipomwona tena, amesimama nje ya zile nondo, blanketi begani, amekonda. Severa alimwamkia shikamoo, akamkaribisha ndani, akampa chai. Kidogo kidogo mzee akaeleza. Kwa desturi ya kwao mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, na nyumba na mikorosho ni vya upande wa mke. Mkewe alikufa zamani bila kumwachia mtoto. Akawaachia wenyewe mali yao, akaja mjini. Sasa amerudishwa mlangoni kwa mashemeji zake. Walimpokea kama mgeni, na siku zilipopita wakamuuliza, kwa adabu, ataondoka lini.

"Kwa nini hukuniambia, mzee?"

"Nilikuambia uniache, mama. Lakini ulikuwa umefurahi mno."

Severa aliona aibu mpaka machozi yakamtoka mbele ya wateja. Alimsihi mzee alale stoo, naye akakataa, akasema amepata wenzake wa kulala nao Mchikichini, chini ya meza za mitumba. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja akaketi. Usingizi ulimpaa. Akaapa atalimaliza jambo hili vizuri safari hii. Akazunguka, akapata chumba Gongo la Mboto, kizuri, chenye hewa, mbali na kelele za soko. Akanunua godoro, akapaka rangi. Mtu akimuuliza mzee anasemaje, alijibu kwamba atafurahi akikiona.

Hata mara hii, basi, hakumuuliza. Mzee aliyeishi miaka yake yote ya mjini akisaidiana na wavuta mikokoteni wa Kariakoo angefanya nini Gongo la Mboto? Swali hilo lilimjia Severa baadaye, na mpaka leo halijamtoka.

Siku ya kwenda kumchukua, alifika Mchikichini amevaa kitenge kipya. Mahali pa mzee palikuwa patupu. Josepha, muuza viatu aliyekuwa akimpa mzee uji, alimtazama kwa huruma.

"Alisikia unamtafuta umsaidie," alisema. "Akakunja blanketi lake, akahama. Ametuomba tusikwambie alikoenda."