Mpiga Hesabu wa Mwanjelwa

Sijamsamehe yule mzee na sina mpango wa kumsamehe. Najua marehemu hasemwi vibaya, lakini mimi namsema.

Miaka ile ya sabini alikuwa na meza kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, Mwanjelwa, pale Mbeya. Baada ya mtihani wa darasa la saba, wazazi walitoka hata kwetu Chimala, wamewashika watoto wao mikono, kwenda kumwuliza swali moja tu: huyu atachaguliwa kwenda sekondari au hatachaguliwa? Jibu la serikali lilichukua miezi. La kwake lilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Ilisemekana aliwahi kuwa karani kwenye ofisi ya elimu, ingawa ofisi gani hakuna aliyeijua. Alivaa tai. Alikuwa na rula, kalamu ya wino mwekundu, na kitabu cha logi, kile cha majedwali ya hesabu, ambacho sikumwona akikifungua hata mara moja. Watu walimwita mpiga hesabu. Mimi namwita mpiga ramli, ila mpiga ramli angalau hajidai amesoma.

Baba alinipeleka kwake mwezi wa kumi na moja, na hatukwenda kutalii. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva kwenye hospitali moja ya misheni huko Iringa. Alituletea barua kwa mkono wa utingo wa lori: ameniombea nafasi ya kujifunza uuguzi msaidizi, na masista wamekubali kunichukua na darasa langu la saba, kula na kulala juu yao. Ila wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Majina ya sekondari yangetoka baadaye. Nikienda Iringa, basi nimekwenda, maana mjomba alikuwa amejifunga mbele ya masista na asingekubali kuaibishwa.

Mama alitaka Iringa. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," alimwambia baba. Baba alitaka sekondari, kwa sababu katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kuikanyaga. Walibishana siku nne. Siku ya tano baba akavaa koti lake la kanisani, akafunga pishi ya mchele kwenye kitambaa, tukapanda basi. Ndani ya basi tulikuta wasichana wawili wa darasa langu na baba zao. Wote tulikuwa tunakwenda pale pale.

Kwanza mzee alituonyesha daftari. Ulikuwepo utaratibu pale: mtoto akichaguliwa, mzazi wake anarudi na jogoo kushukuru, na mzee anaandika jina la mtoto na shule aliyopangiwa. Chini ya meza siku hiyo walikuwepo majogoo wawili wamefungwa miguu, alisema ni shukrani za watoto wa mwaka uliopita. Baba alifunua kurasa moja moja, analowesha kidole, anasoma majina. Wote walifaulu. Kurasa nzima, hakuna hata mmoja aliyefeli. Nilimwona baba akiamini pale pale, mbele ya macho yangu.

Halafu mzee akanigeukia.

"Hesabu umepata ngapi, unavyokumbuka?"

Nilikumbuka vizuri sana. Kengele ya kumaliza ilipigwa nikiwa sijagusa maswali ya ukurasa wa mwisho, na ya kabla ya hapo mengi nilibahatisha. Lakini mkono wa baba ulikuwa begani kwangu. Ni mtoto gani atasema ukweli namna hiyo?

"Arobaini," nikasema. Mtihani ulikuwa na maswali hamsini.

Akaandika arobaini, kana kwamba amesoma kwenye karatasi ya msahihishaji. Akauliza wilaya. Akauliza nilikuwa wa ngapi darasani, na kama mwalimu mkuu aliniandika vizuri kwenye tabia na kazi za shamba la shule. Akazidisha. Akanipunguzia kwa kuwa mkoa una nafasi chache, akaniongezea kwa kuwa ni msichana. Akapiga mistari miwili chini kwa rula.

"Sehemu tisa kwa kumi," akasema.

Wenzangu nao wakapewa tisa kwa kumi, mmoja baada ya mwingine.

"Tisa kwa kumi, mama!" baba aliniambia tukitoka barazani. Mimi binti yake aliniita mama siku za furaha tu. "Hapo si umeshafika?"

Nilikuwa na njia nzima ya kurudi Chimala ya kumwambia kwamba ile arobaini niliitunga. Sikusema. Kesho yake aliandika barua Iringa kumshukuru mjomba na kuikataa nafasi. Niliibeba mwenyewe mpaka posta. Hilo nalo silisahau, na hasira yangu haimwangukii mzee peke yake.

Mwezi wa kumi na mbili mwalimu mkuu alituita shuleni, akasoma majina ya waliochaguliwa. Lilikuwa jina moja. Mvulana, mtoto wa wafugaji waliohamia bonde letu la Usangu kutoka kaskazini, ambaye baba yake alikuwa porini na ng'ombe mwezi mzima na hakuwa na nafasi ya kumpeleka mtoto kupigiwa hesabu na mtu. Mimi na wale wasichana wawili tulisimama tunasubiri la pili, mpaka mwalimu akakunja karatasi.

 Baba alikwenda shambani, akarudi, akala, akalala. Mama ndiye aliyehangaika. Alimtafuta mtu wa kumwandikia barua Iringa, akamwomba kaka yake anirudishie nafasi yangu. Mjomba alijibu haraka: nafasi amepewa msichana mwingine, na sare ameshashonewa.

Mwaka jana mjukuu wangu alinionyesha simu yake. Ameingiza alama zake, na simu imempa asilimia za kuingia chuo anachokitaka, imeziremba kwa rangi ya kijani. Nikamuuliza, imejuaje? Akasema imekusanya habari za wanafunzi wengi waliotangulia, wenyewe wameziingiza. Nikamuuliza tena: na waliokosa, nao walirudi kuiambia simu? Akacheka, akasema bibi huelewi mambo ya mtandao. Ninaelewa. Aliyefeli hafungi safari kwenda kutangaza kwamba amefeli. Anachukua jembe anakwenda shambani, na daftari linabaki safi.

Mimi nilifunga safari. Ilikuwa Januari ile ile baada ya majina kutoka, nilitumwa kupeleka mchele kwa shangazi yangu Mbeya, nikapitia Mwanjelwa. Msimu wa darasa la saba ulikuwa umepita. Kwenye benchi lake walikaa sasa waliomaliza kidato cha nne, wanasubiri kidato cha tano na vyuo. Nikasimama mbele ya meza.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Jogoo yuko wapi?"

"Sina jogoo. Sikuchaguliwa. Uliniambia tisa kwa kumi."

Hakushtuka hata kidogo. "Kumi toa tisa inabaki ngapi?"

"Moja."

"Hiyo moja ndiyo wewe."

Watu wa kwenye benchi wakacheka. 

"Na wenzangu wawili? Nao uliwapa tisa, nao wamekosa. Sote watatu ndiyo hiyo moja?"

"Wao hawajaja kulalamika."

"Basi niandike kwenye daftari. Andika huyu nilimpa tisa, akafeli."

"Daftari hili," akasema, akiliwekea mkono juu, "ni la waliochaguliwa."

Nilitamani kuipindua ile meza. Badala yake niligeukia benchi. Mwanzoni kabisa alikaa baba mmoja mtu mzima, na binti yake aliyenizidi miaka kama minne, mikono ameibana magotini. Nikamwambia kwa adabu zote nilizokuwa nazo: baba, huyu hajui kitu, humo daftarini wamo waliorudi tu, sisi tuliofeli hatumo. Kama binti ana nafasi nyingine popote, mpeleke leo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniangalia ndala zangu, kisha uso.

"Wewe ulifaulu?"

"Hapana."

"Sasa aliyefeli ataniambia nini?" akasema, na akamsogeza binti yake mbele ya meza.