Ubao wa Mama wa Ndoo Mbili

Fundi mabango wa mtaa ule hakumwamini mtu yeyote anayetembea na faili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye aliwahi kuumwa barabara: alichora kwa mkono wake bango la "Uwanja wa Watoto", na kabla rangi haijapauka, penye uwanja pakasimama ghala la saruji. Tangu hapo, ukimwambia kumekucha, hutoka nje kuhakikisha.

Basi manispaa ilipotangaza kwamba wakazi wenyewe ndio watakaochagua jina la bustani iliyo nyuma ya zahanati, wenzake walifurahi, yeye akaguna. Zamani pale palikuwa jalala. Marehemu mkewe ndiye aliyeanza kupanda miti, akainywesha kila asubuhi, ndoo moja kichwani na nyingine mkononi, miaka kumi na mmoja, hadi watu wakamzoea kwa jina la Mama wa Ndoo Mbili. Majirani walilipendekeza jina hilo, likaingia kwenye orodha ya majina matatu. Fundi alilitaka kwa moyo wake wote. Kaburi la mkewe lilikuwa safari ya siku nzima, lakini bustani ilikuwa hatua mia mbili tu kutoka kibandani kwake.

Ndiyo maana machale yalimcheza ubao ulipoletwa. Ilikuwa bado wiki nzima kura zihesabiwe, na gari la manispaa likamshushia ubao uliokwisha kupigwa randa na rangi ya chini, tayari kuandikwa.

"Kura bado, ubao umeshafika?" alimuuliza karani wa manispaa, dada mmoja mpole.

"Usije ukachelewa, fundi. Jina likishinda tu, unaandika."

"Mtoto hajazaliwa, keshapewa jina."

Karani alicheka akidhani anataniwa. Fundi akaugeuzia ubao ukutani, asitake hata kuupima.

Halafu kulikuwa na sanduku la kura. Lilikaa mlangoni pa zahanati, lina kufuli moja, na ufunguo anao karani. Wazee wa mtaa wasioweza kutembea hadi pale walimwachia fundi karatasi zao akawatumbukizie. Zilifika ishirini na tatu, zote za Mama wa Ndoo Mbili. Fundi akazitia kwenye kopo tupu la vanishi pamoja na yake, akagongomea kifuniko kwa nyundo.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipomletea chai, alimkuta anagonga.

"Shemeji, hizo hujazipeleka tu?"

"Nitazipeleka mwenyewe siku ya kuhesabu, watu wote wanaona. Sanduku lao silijui linalala wapi."

"Si walisema mwisho Ijumaa saa kumi?"

"Umeona sasa! Wanataka ziwahi kuingia, ziwahi kubadilishwa."

Shemeji alitikisa kichwa. "Dada alisema wewe ipo siku utakishuku hata kivuli chako. Haya, chai hiyo, na sijaitia kitu."

Jumamosi meza iliwekwa katikati ya bustani. Karani alifungua kufuli la sanduku, akainua karatasi moja moja ili kila mtu aone. Fundi alisimama mbele kabisa, hapepesi, akitafuta pa kumkamatia. Hakupaona. Bustani ya Amani ilipata kura sitini na moja, Mama wa Ndoo Mbili arobaini na sita, na jina la tatu tisa. Ndipo fundi akafungua kopo.

"Hizi hapa nyingine ishirini na nne. Hesabu."

Karani alizitazama, kisha akamtazama yeye, na huruma ikamjaa usoni. "Fundi, nikizipokea hizi, mwingine naye ataleta zake za mfukoni. Na wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kusema tumeiba."

Ni kweli, angesema. Alibaki na kopo lake mkononi.

Jumatatu aliugeuza ubao, akapiga uzi wa chaki, akachora BUSTANI YA AMANI. Jina likakaa katikati kama mgeni kwenye kitanda cha watu watatu, pande zote pamebaki peupe. Alimlaani seremala. Kisha akatafuta futikamba, akapima. Akafuta, akachora upya: BUSTANI YA MAMA WA NDOO MBILI. Herufi ya kwanza ilianza vidole vinne kutoka ukingoni, na ya mwisho ikaishia vidole vinne kutoka ukingo wa pili, vilevile ambavyo angepima yeye mwenyewe.

Karani alipopita kuuliza kazi imefika wapi, fundi alisimama kuukinga ubao kwa mgongo.

"Nani aliutolea vipimo ubao huu?"

"Mimi. Nilimwambia seremala akate kwa lile jina refu kuliko yote, ili likishinda lisibanwe."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaomba aachwe mpaka jioni. Alipobaki peke yake alichovya kitambaa kwenye maji, akasimama mbele ya jina la mkewe.

"Nisamehe, mama," alisema.

Kisha akaanza kulifuta, herufi moja moja, kuanzia ya mwisho.