Mstari wa Mama Koku

Jumapili hiyo niliondoka Bukoba kwa sababu moja tu: niliamka nikaona siwezi kukaa. Hata shule niliiacha darasa la sita kwa ugonjwa huo huo. Nikabeba begi, nikapanda gari la kwanza la njia ya Muleba. Kondakta aliponiuliza nashuka wapi, nikamjibu nitamwambia nikipaona.

Izigo nikapaona. Watu waliovaa vizuri walikuwa wakikatiza migombani kwenda kigangoni, kanisa dogo la kijiji, maana ilikuwa zamu ya padre kufika. Nikawafuata. Mimi komunyo sipokei, nina mambo yangu, kwa hiyo nilibaki kwenye benchi nikitazama. Waligawa wawili: padre, na mama mmoja mkulima, mhudumu wa komunyo, anayeitwa Mama Koku. Mstari wa padre ulifika mlangoni. Kwa Mama Koku walikwenda watoto wachache na mzee asiyeona vizuri. Wengine waliojikuta mbele yake walihama hadharani, kama mtu anayekwepa tope.

"Ni Yesu yule yule, ndugu zangu," padre alisema.

Hakuna aliyesogea. Mama Koku akabaki ameinua hostia mbele ya nafasi tupu, nami nikaanza kuchemka.

Baada ya Misa padre alikuwa anakimbilia kigango kingine, akamkabidhi Mama Koku Ekaristi ampelekee mgonjwa, bibi Adventina. Nikaomba kumsindikiza.

"Twende, lakini njiani sizungumzi," alisema. "Bibi hajapokea tangu mwanawe Novatus arudi kutoka Mwanza. Huyo mwana ananirudisha mlangoni. Na sasa hata uji unamshinda. Ikipita leo, sijui kama koo litakubali tena."

Njiani watu walimsalimu, akawajibu kwa kichwa tu, mkono kifuani juu ya kifuko chenye Ekaristi.

Nyumbani kwa bibi, Novatus alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Koku, tulishasema. Mgonjwa wa nyumba hii atahudumiwa na padre. Gari lake lisimame hapa uani, watu walione."

"Padre ametangaza anarudi mwezi ujao," nikasema mimi.

"Wewe ni nani?"

"Mpita njia."

"Basi pita." Akamgeukia Mama Koku. "Tunagombania mpaka wa kibanja cha migomba, leo uniletee Mungu mfukoni?"

Mama Koku akabaki pale pale, mkono juu ya kifuko.

Ndani mtu akakohoa. "Novatus, ni nani huyo?"

"Hakuna mtu, mawe," akamjibu mama yake kwa kilugha.

Hakuna mtu! Nikapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika: "Ni Mama Koku, bibi! Amekuletea komunyo!"

Novatus akanishika ukosi wa shati. Kabla hajanisukuma, sauti ya mama yake ikatoka tena, polepole, kila neno na pumzi yake.

"Mwache aingie. Ulipokuwa Mwanza nani alikuwa ananiogesha? Nani alifua mashuka niliyoyachafua? Mikono hiyo hukuikataa. Leo ndiyo imekuwa michafu?"

Novatus aliniachia, akasogea, si sana. Mama Koku alipita ubavu ubavu. Tukiwa uani tulisikia, "Mwili wa Kristo." Kwa shida, bibi akaitikia, "Amina." Kijiko kikagonga kikombe cha maji. Kisha sauti ya Mama Koku: "Imeshuka." Bibi alikuwa amemeza.

Novatus alikohoa kidogo. "Mgeni, chumba kipo, unaweza kulala. Ila usiwaambie watu kwamba tulihudumiwa hivi."

Nikachukua begi langu bila kuaga.

Muleba nilifika jua linashuka, hasira haijashuka. Nikapata gesti karibu na stendi. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye rozari shingoni, aliniuliza mbona nimekunja uso. Nikamsimulia yote. Akacheka.

"Pole waitu, ndugu yangu. Hata mimi huhamia mstari wa padre. Mama anayegawa hapa kwetu, kesho nitamkuta sokoni tukitoleana maneno juu ya mkungu wa ndizi. Nitafungua mdomo mbele yake vipi?"

Nilikuwa nimejifunza kitu siku hiyo, na sikukipenda: wale watu hawakuwa na shaka na Mungu. Walikuwa wanamkataa jirani, na Mungu alikuwa mkononi mwake.

"Na siku ukilala kitandani huwezi kuinuka," nikamwuliza, "mwanao naye amzuie mama huyo mlangoni?"

Kicheko kikaisha. Akausugua ufunguo wa chumba changu kwa kidole gumba, kisha akanipa.

"Chumba cha mwisho, kulia," akasema.