Silas wa Picha ya Ndege

Akina mama wanaouza nyanya pale kituoni Picha ya Ndege, Kibaha, walikuwa hawamwachi Lusajo aondoke na fungu lake tu. Lazima wamwongezee. Mama Wema ndiye aliyezidi: nyanya mbili za juu, kitunguu, siku nyingine na ndimu, huku akimtazama kwa jicho la mtu aliyekuja kutoa pole msibani.

"Chukua, Silas. Kula, mwanangu. Yule mwanamke hana macho."

"Naitwa Lusajo, mama."

"Najua, baba. Chukua, Silas."

Lusajo alikuwa fundi friji. Baba yake, mtumishi wa halmashauri, alihamishiwa Kibaha kutoka Tukuyu wakati Lusajo bado anabebwa mgongoni, na alipofariki aliwaachia yeye na mama yake, Bi Atupele, nyumba ya vyumba vitatu na kibanda cha mbele. Hicho kibanda ndicho Lusajo alichokigeuza karakana, kikajaa friji zilizong'olewa milango na mitungi ya gesi. Alikuwa mtu wa mabega yaliyoinama kidogo kwa kuzoea kuchungulia nyuma ya friji za watu, na macho makubwa ambayo hata akicheka yalionekana kama yametoka kulia. Macho hayo ndiyo yaliyomponza.

Kuna watu walikuja kukodi nyumba ya ghorofa, nyuma kidogo ya barabara kuu, wakaanza kurekodia tamthilia humo. Friji yao ikafa, wakamwita. Alipokuwa amechuchumaa anatafuta gesi inapovujia, dada wa jikoni akaanza kumgombeza kwamba amechelewa, kwamba amemwaga maji, kwamba mafundi wote ni wale wale. Maji yale hakuyamwaga yeye. Akasema tu, "Samahani, dada," akachukua dekio akayafuta. Mwongozaji wao, mtu mnene mchangamfu aliyeitwa Jabiri, alikuwa amesimama mlangoni anaangalia. Akapiga makofi.

"Huyo! Jamani, huyo ndiye Silas!"

Mtazamaji yeyote wa tamthilia anamjua Silas, hata akiitwa jina jingine. Kuna mwanamke mzuri, kuna mwanamume mwenye gari kubwa anayemtesa, halafu kuna wa tatu. Huyo wa tatu ndiye anayempeleka mama yake yule mwanamke hospitali, ndiye anayepika supu akiumwa, ndiye anayeshika mwavuli huku yeye mwenyewe analowa. Mwenye gari akirudi na shada la maua, huyo wa tatu anaachia mlango na kuondoka polepole, kamera ikimfuata mgongoni. Jabiri alimwandikia Silas sentensi moja ya kusema kila anapoachwa: "Mimi furaha yangu ni kukuona wewe una furaha." Akamfundisha Lusajo kuisema macho yakiangalia chini, na kutulia kidogo kabla ya neno la mwisho.

Ilikuwa Silas aonekane mara chache kisha asafiri zake Mwanza, lakini watu walimpenda, kwa ile namna watu wanavyompenda mtu asiyeshinda. Silas hakusafiri tena. Kabla mwaka haujaisha, madereva wa bodaboda walikuwa wakimpita Lusajo wanapunguza mwendo na kumpigia kelele, "Furaha yangu ni kukuona wewe una furaha!" Watoto wanaotoka shule waliimba sentensi ile. Alikwenda kuzika Mlandizi, akasimama kwenye foleni ya kuweka udongo, na nyuma yake watu wakaanza kucheka kwa kujibana. Wasichana walipenda kupiga naye picha, kisha wakamweleza matatizo ya wapenzi wao. "Kaka Silas, wewe unaelewa," wakamwambia, na yeye akasikiliza, kwa sababu hakujua mtu anaondokaje katikati ya mazungumzo ya namna hiyo.

Siku moja aliitwa Kurui, kule ndani Kisarawe, kwenye zahanati. Friji la chanjo, lile linalotumia umeme wa jua, lilikuwa halipoi. Akapakia vifaa kwenye pikipiki yake, akapita Kisarawe mjini, akapita Msimbu, akaendelea na njia ya vumbi mpaka simu ikaanza kupoteza mtandao. Muuguzi aliyempokea alikuwa binti mrefu, mweusi wa kung'aa, gauni la kazi limepigwa pasi likasimama. Alikuwa ameziweka chupa za chanjo kwenye kasha la barafu na amelikumbatia kasha lenyewe, kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga.

"Shika tochi hapa, tafadhali," Lusajo akamwambia.

"Unaitwa nani, fundi?"

Lusajo akangoja acheke, au aseme, "Si wewe yule?" Yule binti alikuwa anangoja jibu tu.

"Lusajo," akasema, na mwenyewe akashangaa jina lake lilivyotoka vizuri.

Binti aliitwa Martina. Baba yake, Mzee Kashindye, alishuka na ng'ombe zake kutoka Shinyanga miaka mingi nyuma, akapiga boma si mbali na zahanati ile. Boma halikuwa na televisheni. Martina alipata elimu yake kwa kupanda malori na kulala kwa shangazi, na alikuwa na tabia ya kusema jambo mara moja na kunyamaza.

Friji lilipona siku hiyohiyo. Hata hivyo Lusajo alirudi kulikagua. Akarudi tena kufuta vumbi kwenye paneli. Akarudi kubadili mpira wa mlango ambao haukuwa na tatizo lolote. Alimletea Martina taa ya chaji aliyoitengeneza mwenyewe, akakaza bawaba za mlango wa chumba cha kujifungulia, akawabebea maji kina mama waliokuja kliniki. Martina akimaliza kazi aliketi naye kwenye benchi la nje, wakala mihogo, wakazungumza. Martina alimwita Lusajo, na kila mara alipoliita jina hilo, yeye alijisikia kama mtu aliyevuliwa koti la kuazima. Lusajo naye alimwita "Sista."

"Niite Martina," alimwambia mara kadhaa.

"Sawa, Sista."

Mambo yakaenda hivyo masika yote. Kila alipowasha pikipiki kurudi Kibaha alijiambia kwamba safari ijayo atasema.

Alhamisi moja alimkuta Martina ameketi benchini peke yake, mikono mapajani.

"Unamfahamu Telesphory?" akamuuliza. "Afisa mifugo."

Lusajo alimfahamu. Kijana wa watu, mstaarabu, hana makuu, anaogesha ng'ombe za watu huku anapiga mluzi.

"Amekuja nyumbani kuniomba. Baba ameniita akaniuliza mimi nasemaje. Nimemwambia anipe mpaka Jumapili."

Akamgeukia Lusajo, akamtazama usoni, akangoja.

Lusajo alijua kabisa alichotaka kusema. Akafungua mdomo, macho yakashuka chini yenyewe, na maneno yakatoka yamekwishapangwa, na kituo chake kidogo kabla ya neno la mwisho:

"Mimi furaha yangu ni kukuona wewe una... furaha."

Kuku wa zahanati akapita mbele yao na vifaranga.

"Hiyo nimeisikia," Martina akasema. "Mwenzangu wa zamu ananionyesha kwenye simu yake. Wiki ya pili sasa. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe kwamba unaigiza."

"Nisamehe, Sista. Nilitaka..."

"Watu wanasema huyo Silas ni mwema. Mimi nimemwangalia. Sijamwona akimwomba yule dada hata siku moja. Anampikia supu, anamshikia mlango, halafu anakaa anangoja aonewe huruma. Yule dada atajuaje? Akienda kwa mwingine, huyu analia, na nchi nzima inamtukana mwanamke."

"Mvumilivu..." alianza Lusajo.

"Hula mbivu. Anazila yule aliyenyoosha mkono kuziangua." Akasimama, maana mama mmoja alikuwa anaingia na mtoto mwenye homa. "Mimi nilikuwa sijui kama unanipenda, Lusajo. Nilifikiri unalipenda friji."

Njiani kurudi, Lusajo alipofika Msimbu alisimamisha pikipiki dukani anywe maji. Alikusudia kugeuza. Alishika hata usukani kuelekeza alikotoka. Lakini mwenye duka alikuwa amekwishatoka nje na simu mkononi, anaita majirani, "Njooni mumwone Silas!" na wakati anapigwa picha katikati ya watu wasiomjua, simu yake nayo ikaita. Alikuwa Jabiri. Harusi ya kwenye tamthilia inaanza kurekodiwa kesho asubuhi, waigizaji wote wamefika, wapambaji wamefika, asithubutu kukosa.

"Bwana Jabiri, nina jambo langu huku Kisarawe."

"Jambo gani linazidi harusi? Watu wote hawa wanakungoja wewe! Jumapili mchana nakuachia."

Angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Alisema, "Sawa."

Ijumaa na Jumamosi alishinda ndani ya suti ya kijivu, akimfungulia bibi harusi mlango wa gari, mara "Kata!", mara warudie tena. Jumapili waliendelea mpaka jua likapita utosini. Alipoachiwa hakuivua suti, alipanda nayo pikipiki, na alipofika bomani kwa Mzee Kashindye ilikuwa imegeuka rangi ya udongo. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini. Mzee alikuwa mlangoni na fimbo yake, anahesabu kwa macho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, fundi. Friji limekufa tena?"

"Hapana, baba. Nina neno na Martina. Na kwako pia."

Mzee aliitazama ile suti yake, akamtazama uso, akaelewa. Akaita binti yake, kisha akajishughulisha na ndama aliyekuwa haumwi.

Martina alitoka na kanga kiunoni, mikono ina unga. Lusajo hakuangalia chini. "Martina," akasema. "Nimekuja kukuomba uolewe na mimi. Si mzungumzaji, lakini nakupenda tangu siku ile uliponishikia tochi."

Ndiyo mara ya kwanza Lusajo kumwita kwa jina.

"Nimeshampa baba jibu baada ya ibada. Telesphory ameambiwa."

"Ningekuja jana?"

"Usiniulize hilo."

"Basi Alhamisi. Pale pale benchini. Ungesemaje?"

"Lusajo, nakuomba usiniulize." Akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu ya unga. "Ila asante kwa kuja. Hukulazimika kuja, na umekuja."

Mzee Kashindye akamkaribisha maziwa. Akayanywa yote akiwa amesimama, akashukuru, akaondoka.

Siku iliyofuata walirekodi mwisho wa ile harusi. Silas anamkabidhi bibi harusi kwa yule mwenye gari, kisha anamwambia sentensi yake. Jabiri akasema, "Anza!" Lusajo akamtazama yule mwigizaji mwenzake, dada mpole mwenye watoto wake wawili nyumbani, akasema, "Usiende. Mimi nakupenda. Nataka uolewe na mimi. Niambie ndiyo au hapana, lakini niambie."

Dada akatoa macho. Alikuwa hana la kujibu, halikuandikwa.

"Kata! Lusajo, umekuwaje? Silas hasemi hivyo."

"Kwa nini hasemi?"

"Akisema, stori imekwisha!" Jabiri alicheka, na wote wakacheka. "Haya, tunarudia. Sentensi yako ile ile, baba."

Wakarudia. Akaisema ile ile. Ila safari hii alipofika kwenye kile kituo kabla ya neno la mwisho, neno lilikataa kutoka. Machozi yakamwagika, mabega yakamtikisika, sauti ikatoka kama ya mtoto aliyepotea sokoni. Mpambaji alijifunika uso kwa kanga. Mshika kamera hakuthubutu kuhema. Jabiri aliacha kamera ziendelee muda mrefu kupita kawaida, na aliposema "Kata" nyumba nzima ikalipuka kwa makofi. Walimbeba juu juu.

"Hapo ndipo umekuwa mwigizaji!" Jabiri alimwambia, naye macho yamelowa. "Kwa kilio hiki, tamthilia hii haiishi leo wala kesho. Tunaendelea msimu mwingine. Uko nasi?"

Lusajo alikuwa bado anajifuta. Akasikia sauti yake ikijibu, "Sawa."

Siku kipande kile kiliporushwa, sebule ya Bi Atupele ilijaa kuliko kawaida, maana majirani walikuwa wameshazoea kuja kumtazama Silas nyumbani kwao Silas. Mama Wema alikuwa mbele, na wanawe. Kilio kilipoanza, chumba kizima kikaanza kupenga kamasi. Bi Atupele peke yake hakulia. Aliitazama ile sura kwenye kioo, akamgeukia mwanawe aliyekuwa amekaa pembeni karibu na mlango wa jikoni, akamtazama sana. Akainuka na kuizima televisheni.

"Mama Silas!" watu wakapiga kelele. "Mama Silas, washa!"

Hakuwajali. Alimwendea Lusajo, akainama, akamsemesha chinichini.

"Yale si machozi ya kuigiza. Mimi ndiye niliyekunyamazisha tangu ukiwa mdogo, nayajua. Ni nani?"

"Ni muuguzi mmoja wa Kurui, mama. Anaolewa mwezi ujao."

"Mbona hukuniambia, mwanangu? Ningekwenda kukuombea hata kwa miguu."

"Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nini?"



"Mama Silas, jamani, kinaisha!" Mama Wema alikuwa ameshika kifua, anaomba kama mtu anayeomba maji. "Tuone tu kama yule dada anageuka nyuma!"

Bi Atupele alibaki amesimama, mkono wake kwenye bega la mwanawe. Lusajo aliwatazama wale watu, wengi wao walimwona tangu anajifunza kutembea, wote macho mekundu kwa ajili yake. Akautoa mkono wa mama yake taratibu, akapita katikati yao akisema samahani, samahani, akaiwasha televisheni. Akaongeza na sauti, walio nyuma wasikie.