Samaki Mmoja kwa Ajili ya Kahindo

Kule Vitshumbi, kwenye ziwa Edouard, wavuvi wakirudi mikono mitupu watu walikuwa wakisema, tungoje mtumbwi wa Paulin. Na kweli, Paulin hakurudi nyumbani bila kitu cha kutia chunguni. Siri yake haikuwa siri, maana mwenyewe aliitangaza kwa kila mwenye masikio, hata kwa wale ambao hawakuuliza. Samaki wakiadimika, alisema, usibaki ukichezea ukingoni. Nenda mbali, ufunge mawe kwenye wavu, uushushe mpaka uguse tope, kwa sababu wakubwa wanalala chini. Kwa maneno hayo alijipatia mitumbwi mitatu na jina, na kwa maneno hayo alimlea mwanawe wa pekee, Prodige.

Kwa maneno hayo hayo alimpoteza. Siku hiyo samaki walikuwa wamegoma kabisa, na Prodige, kijana wa miaka ishirini na miwili, alimwambia baba yake kwamba mbali kule kuna watu wenye bunduki wanaowawinda wavuvi. Paulin alimcheka mbele ya wenzake. Alimwambia kwamba ziwa hili analijua yeye. Prodige akaingia mtumbwini, akaenda mbali kama alivyoagizwa. Kesho yake upepo uliurudisha mtumbwi ukiwa na matundu ya risasi, na ndani yake hamkuwa na mtu. Kahindo, mama yake, alipouliza kwa nini mtoto alikwenda mbali vile, Paulin alijibu kwamba vijana wa siku hizi wana vichwa vigumu. Uongo huo aliusema mara moja tu, na miaka miwili haikutosha kuumeza.

Vita vilipofika Vitshumbi mitumbwi ikabaki, wenyewe wakakimbia. Sasa Paulin na Kahindo walikuwa wakiishi kambi ya wakimbizi ya Mugunga, nje kidogo ya Goma, chini ya shitingi ya turubai iliyotandazwa juu ya mawe meusi ya volkano. Usiku mawe hayo hayakubembelezi, yanakuhesabu mbavu. Mchana Kahindo alikwenda kufulia watu nguo mtaa wa Mapendo, na Paulin alibaki akisikiliza mabomu upande wa Sake, mikono ikimwasha kwa kukosa kazi.

Lakini lililomla hasa halikuwa hilo. Zamani yeye na mkewe walikuwa wakila sahani moja, wakikaa uso kwa uso, mpaka majirani wakawatania kwamba ni maharusi wazee. Tangu Prodige apotee, Kahindo alimtengea mumewe chakula, kisha akageuka na kula mlangoni, mgongo ukiwa kwa Paulin. Hakumtukana, hakumnunia, alimgeuzia mgongo tu. Paulin hakuomba utajiri wala hata kurudi kwao. Alitaka mkewe akae mbele yake, kwenye sahani moja, japo siku moja. Na kwa kuwa maisha yake yote alijua dawa moja tu, aliamini kwamba samaki mzuri angemrudisha.

Akashuka kwenye ziwa la hapo Goma kumtafuta Murhula, mtu wa Kalehe aliyeongoza ekipi ya kuvua vidagaa viitwavyo sambaza, ile mitumbwi mitatu inayofungwa pamoja kwa miti mirefu na kuwashiwa taa. Alimkuta amekaa, mitumbwi imefungwa. Ulikuwa wakati wa mwezi mkubwa, na mwezi ukiwaka sambaza hawana haja na taa ya mtu. Ufukwe mzima ulikuwa na njaa. Paulin aliomba mtumbwi mdogo na wavu wa zamani, akasema yeye atavua mchana, na atavua samaki, si vidagaa. Murhula alimtazama huyu mzee wa kambini anayejisifu wakati wenye ziwa wamenyamaza, akampa.

Siku ya kwanza Paulin alipiga kafi mpaka nyumba za Goma zikawa ndogo chini ya mlima Nyiragongo. Akafunga mawe, akashusha wavu pima thelathini. Tope hakuliona, samaki hakumwona. Siku ya pili aliunga kamba, akashusha pima hamsini, na bado hakuna chini. Wavu ulipopanda ulitoa harufu ya mayai yaliyooza, na haukuwa hata na jani. Badala ya kushangaa, alikasirika. Siku ya tatu alikwenda kuomba kamba nyingine, na hapo Murhula akamshika mkono.

"Papa Paulin, kule chini hakuna samaki. Ni mazuku tupu," alisema. "Huku samaki yote inakaa juu. Wewe ulifundishwa muzuri, lakini ulifundishwa maji ingine."

Hakuna mtu wa Goma asiyejua mazuku, ile hewa mbaya inayojikusanya mashimoni na kumlaza mbuzi bila kelele. Hata Paulin, pamoja na ugeni wake, aliwahi kukatazwa kulala kwenye bonde fulani kambini. Kwamba ziwa zima lilikuwa limelalia kitu kama hicho, na yeye alikuwa akitumbukiza wavu humo siku mbili na kifua mbele, hilo halikumwingia akilini mpaka hapo. Alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi. Hakuumizwa na wavu mtupu, aliumizwa na sauti yake mwenyewe, ile ile, ikisema, ziwa hili ninalijua mimi. Kama aliweza kukosea hivi, akiwa na uhakika hivi, basi siku ile pia alikuwa mtu mwenye uhakika tu. Prodige alikuwa anajua. Mtoto alikuwa anajua na baba alikuwa anacheka.

Akalia waziwazi. Murhula, akidhani mzee analilia samaki, alimpigapiga begani na kumwambia kwamba mwezi utaisha.

Alipomaliza kulia, Paulin alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wake: aliomba kuonyeshwa. Murhula alimfungulia mawe yote, akafunga vibidoni vitupu vya plastiki ili wavu uelee, akamwelekeza kwenye mwamba uliochomoza mbali na ukingo. Autege hapo alfajiri kabla ya upepo, chini ya uso wa maji kidogo tu, asiende chini zaidi. Paulin alitii. Asubuhi ya siku ya nne, wakati ufukwe wote ulikuwa hauna kitu, aliinua tilapia watatu. Wawili alimwachia mwenye wavu. Wa tatu, mnene, mkia wake ukining'inia nje ya beseni, alimpeleka Mugunga.

Kahindo aliporudi kutoka Mapendo alimtazama samaki, akamtazama mumewe, akachukua kisu. Alimpika kwa nyanya, vitunguu na mafuta ya mawese, na harufu ikawatoa majirani kwenye mahema yao, wakitania kwamba leo kuna watu wamepokea mgeni. Jua lilikuwa bado halijazama alipoweka sahani na fufu, ugali wa mihogo, mbele ya Paulin, akaanza kugeuka kama kawaida. Paulin alimwomba abaki. Chakula kilikuwa mbele yake, dawa yake ilikuwa tayari, na aliona kwamba haitafanya kazi yoyote mpaka aseme.

"Ni mimi nilimutuma," alisema. "Prodige alikatala, nikamucheka. Nilikudanganya."

Kahindo alisimama kwanza. Kisha akakaa, pale pale mbele yake, akanawa mikono taratibu.

"Ninajua," alisema. "Alipita kwangu kwanza, mu jikoni. Aliniambia, mama, minaogopa, ambia papa aniache leo. Na mimi nikamujibu, usikatale baba yako. Nikamufungia mihogo, nikamusindikiza mpaka ku mulango."

Paulin alimuuliza kwa nini hakusema. Kahindo alijibu kwamba alikuwa akiogopa macho yake, na kwamba hata siku ile aliuliza ili asiulizwe yeye. Kila akikaa mbele yake alihisi ataulizwa kama mtoto alimuaga, na hakuwa na jibu ambalo mama anaweza kulitoa. Mgongo ulikuwa rahisi zaidi.

Miaka miwili kila mmoja alikuwa amebeba lake, akidhani mwenzake ana mikono safi ya kumshika atakapoanguka. Sasa mikono hiyo haikuwapo. Wakakaa uso kwa uso, sahani moja kati yao, mpaka mafuta yakaganda juu ya mchuzi. Mwishowe Kahindo alimega kipande cha mgongoni, akakitoa miiba mmoja mmoja kwa kucha, kama anavyofanyiwa mtoto mdogo. Alipomaliza alibaki amekishika, hajui ampe nani.