Salamu Iliyoingia Golini

Alhamisi moja ya mwaka wa mvua nyingi, barua ya mdogo wangu Eliamini ilinifikia Same nikiwa nafua jezi za timu ya mji. Ilianza hivi: "Dada, tumefungwa, na wanasema kosa ni langu."

Povu lilinikauka mikononi. Mlango hufungwa, ndoa hufungwa, mbuzi hufungwa kamba, lakini mtu akiandika kutoka mbali kwamba amefungwa, unaona jela tu. Mstari wa pili ukanirudishia pumzi: walikuwa wamefungwa goli moja bila na timu ya Moshi. Wa tatu ukaniondolea tena. Kamati ya timu yake ya Arusha ilimshitaki kwamba aliwasaidia Moshi makusudi, kwa kuwa aliwahi kuchezea huko. Angesikilizwa Jumamosi saa kumi. Kapteni wa timu ndiye aliyekuwa msimamizi wa gereji alikofanya kazi Eliamini, na chumba alichokaa kilikuwa cha gereji. Akionekana msaliti, timu, kazi na chumba vingekwenda pamoja. "Wanataka mzazi wangu aje," aliandika.

Wazazi wetu walikuwa makaburini. Kati ya watoto wanne mimi ndiye wa kwanza, na niliacha shule darasa la nne ili wale watatu waendelee. Nilichobaki nacho cha shule ni kupenda maneno, na daftari la kuyaandika. Nikalitia mfukoni, nikamwachia mdogo wetu Naomi jezi na nyumba.

Ijumaa asubuhi, stesheni ya Same. Nilipanda gari la moshi kwenda Moshi, nikacheka peke yangu. Mchaga mmoja mfanyabiashara, aliyekaa mbele yangu na kapu la vitunguu vya kuuza Arusha, aliniuliza ninakokwenda.

"Arusha, baba."

"Arusha nini?"

Nikamwelewa mara moja. "Wao ndio warushao. Ndugu yangu hudaka."

"Golikipa! Basi mwambie adake vizuri, maana sisi watu wa Moshi tuliwatia moja juzi."

Nilitazama nje nisije nikamjibu.

Baada ya Moshi, reli ikishika njia ya magharibi, niliuona Mlima Meru. Mimi ni mtoto wa Upare, na nilidhani milima naijua. Yetu imesimama kwa safu kama dada walioshikana mikono. Huu ulisimama peke yake, umemeguka upande mmoja kama mkate uliomegwa na mtu mwenye njaa. Yule mfanyabiashara alisema chini ya lile pengo ndiko Momela, penye ziwa baada ya ziwa. Nilifungua daftari. Niliandika Meru, nikaacha ukurasa wote chini yake kwa maneno yatakayokuja.

Saa kumi na moja jioni, Arusha. Eliamini alinipokea mzigo. "Shikamoo, dada." Nikamwitikia marahaba. Alikuwa amekonda. Tulipofika chumbani kwake Lemara nikamwambia aeleze yote.

"Mzee Saning'o, yule Mwarusha anayeniuzia maziwa, alikuwa nyuma ya goli. Akanisalimu: Sopai! Nami nikaitikia: Hepa!"

"Ulimwambia mzee wa watu ahepe?"

"Ndivyo wanavyoitikia Waarusha na Wamaasai, dada. Kwao hepa ni kama marahaba."

"Na mpira?"

"Ulikuwa unakuja. Mbele yangu yuko Bakari, beki wetu, ametoka Tanga, hapa ana wiki tatu. Alishajitayarisha kuutoa kwa kichwa. Akamsikia golikipa wake anasema hepa." Aliinamisha kichwa pembeni kunionyesha. "Akahepa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Mwenzio nafukuzwa, wewe unacheka!"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Wanakamati waliijua salamu ile, wote ni watu wa Arusha. Lakini mashabiki walikuwa wanapiga kelele, na hakuna aliyemsikia mzee. Walisema salamu ni kisingizio. Tena tangu siku ile mzee hakuwa ameteremka mjini. Eliamini alijua tu kwamba anakaa juu ya Sakina, na gereji haikumpa ruhusa ya kwenda.

"Kesho nitakwenda mimi," nikasema.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Niliiacha barabara ya Nairobi pale Sakina nikaanza kupanda. Udongo ni mweusi kama masizi. Maji yalishuka mferejini kando ya njia, ya baridi hata meno yaliniuma nilipoyanywa. Kahawa ilikuwa chini ya migomba, na juu ya migomba, bila wingu hata moja, mlima wenyewe. Nilisimama mara nyingi kuliko nilivyohitaji kupumzika.

Na njia ile ilikuwa imejaa watu. "Sopai!" "Hepa!" Mwenye kuni kwa mwenye jembe, mwenye jembe kwa mwenye mbuzi. Utotoni kwetu neno lile lilikuwa la mchezo wa rede: usipohepa, mpira unakupata mgongoni. Hapa watu wa mlima mzima waliambiana hepa, na kila aliyeambiwa alisogea karibu zaidi. Nilitoa daftari, nikaliandika neno mara mbili, katika mistari miwili, kwa sababu ni maneno mawili. Nani aliyeyapa sauti moja? Nilijiona nimesimama mbele ya kitu kikubwa kama ule mlima.

Mzee Saning'o nilimkuta zizini, na koti refu la jeshi, akimkausha ndama kwa majani.

"Ng'ombe imezaa vibaya," alisema baada ya salamu. "Siku saba sijatoka hapa."

Nikamweleza. Akaacha kumfuta ndama.

"Kwa hiyo nishitakiwe kwa kusalimu?"

"Si wewe, baba. Anashitakiwa aliyekuitikia."

Alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi, akamwita mkewe ashike majani.

Saa kumi, nyuma ya gereji. Wanakamati walikaa juu ya matairi. Kapteni, mtu mnene mwenye sauti ya honi, alianza nami.

"Tuliomba mzazi."

"Ndiye mimi."

"Mtu wa Same! Ongeza 'he' mwishoni, tukusamehe!"

Walicheka. Ilikuwa nzuri, nami nikacheka, baadaye nikaiandika. Kisha mzee Saning'o akasimama, akasema ni kweli alisalimu.

"Mzee, mtu yuko golini, mpira uko hewani, unamsalimu wa nini?"

"Mpira sikuuona. Nilimwona yeye. Mjini hapa watu hunipita na maziwa yangu kama nguzo ya simu, bila salamu. Huyu huniitikia kila siku. Nikataka kumpa moyo."

Kapteni akamgeukia Eliamini. "Nawe! Nani alikufundisha kuitikia salamu mpira ukija?"

Eliamini alinitazama mimi. Jibu nililijua. Wazazi walipokufa, watu wengi walitupita njiani bila kutuona, nami niliwaambia wale watoto kila asubuhi: mkisalimiwa, itikieni kwanza, lolote mnalofanya lifuate baadaye.

"Mimi," nikasema. "Goli lile msimwandikie yeye. Nililifunga mimi, nikiwa Same."

Hakuna aliyecheka. Kisha Bakari, yule beki wa Tanga, akainua mkono kama mtoto wa shule. "Na mimi jamani, nimeambiwa hepa, nimehepa. Kwetu golikipa akisema, habishiwi." Hapo matairi yote yakatikisika kwa kicheko.

Walinong'onezana. Kapteni akasimama. "Abaki golini, na Jumatatu saa moja awe kazini. Nawe mzee, ukitaka kumsalimu, ngoja mpira uwe upande wa Moshi!"

Jumapili, stesheni tena. Eliamini alinipa mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwa mzee. Nilikaa upande wa dirisha nikautazama mlima mpaka shingo ikauma.

Jumatatu, Same. Nilimsimulia Naomi yote tukianika jezi. Alifikiri sana, kisha akauliza kama sasa amri yangu imebadilika, kama mtu akiwa na jambo kubwa mkononi anaweza kuiacha salamu ipite.

Njia nzima nami nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo.

"Itikia," nikamwambia. "Goli likiingia, mpira hurudishwa katikati. Mtu akipita bila kuitikiwa, hakuna wa kumrudisha."