Kijiti chenye Jina la Chumo

Juzi mwanangu aliangusha mkebe wa penseli sakafuni. Zilipobingirika chini ya kabati, mbao ikigonga mbao, nilisimama jikoni na mwiko mkononi nikasahau mboga zilizokuwa motoni. Nilikuwa tena msichana wa miaka tisa, nyumbani kwetu karibu na Sosiot, nimebandika sikio kwenye ukuta wa udongo wa nyumba ya Aunty Moraa, nikisikiliza sauti ya namna hiyo bila kujua inatoka kwa kitu gani.

Nikwambie mapema, msomaji wangu, kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nikinunua, nayanusa mbele ya aliyeniuzia. Mtu akinisifu, najiuliza anataka nini. Mume wangu ameshazoea, ingawa bado hukasirika ninapoonja chai yake kabla ya kunywa yangu. Tabia hii niliipata nikiwa na sikio pale ukutani.

Aunty Moraa alikuwa mke wa Uncle Joel, mdogo wake baba. Uncle aliendesha trekta katika shamba kubwa la chai na alikuja nyumbani mwisho wa juma. Alimwoa mkewe kutoka Nyamira, mahali ambapo siku isiyo na ukungu tuliweza kuona vilima vyake kutoka kwenye chai yetu. Lakini kwa kogo, yaani nyanya yangu, vilima vile vilikuwa mbali sana. Kuna maneno yaliyosemwa kwetu juu ya watu wa kule, maneno ya uchawi, ambayo leo naona haya kuyaandika. Aunty hakujua Kipsigis vizuri, basi alipokuwepo sote tulizungumza Kiswahili, na kogo alilihesabu hilo kama kosa lake pia, maana Kiswahili kilimchosha taya. Alikuwa ameolewa miaka mitano bila mtoto. Mama yangu aliitwa Mama Chela kwa sababu yangu, na Aunty akabaki kuwa bibi ya Joel.

Lililomponza zaidi ni mlango. Kwetu, mlango wa nyumba haufungwi mchana. Ukifungwa, basi ndani kuna mgonjwa, au kuna ugomvi, au kuna nyama ambayo hutaki wengine wajue. Aunty alichuma majani asubuhi kama sisi, akapeleka kapu lake kwenye kituo likapimwa, akarudi, akanawa mikono mara mbili kwa sabuni, akafunga mlango. Halafu tungesikia tak, tak-tak, tak. Kimya. Kisha tena, tak-tak.

"Anapika nini bila moshi?" kogo aliuliza siku moja, akisugua kibuyu chake cha maziwa. Kogo akaongeza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, msemo alioupata redioni na kuupenda sana, na tangu hapo aliutumia hata mbu akimuuma.

Mwaka huo alizaliwa mdogo wangu Kibet. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake wazee humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na jina ambalo atalipigia chafya ndilo la yule aliyemrudia. Mdogo wangu alinyamaza kwa majina mengi, kogo akaanza kufa moyo, kisha alipotajwa Chumo, babu yake babu, akapiga chafya mbili. Kibet lilikuwa jina la kanisani na la zahanati. Chumo lilikuwa la ndani. Mama alilitumia kumbembeleza tu, kwa sauti ya chini, na kogo hakupenda litajwe ovyo mbele ya watu.

Alipokuwa na miezi minne, Kibet alianza kukohoa. Usiku wa Kericho ni baridi na watoto hukohoa, lakini kikohozi hiki kilimfanya avute pumzi kwa mbavu. Mama alimpeleka zahanati akarudi na dawa, akaenda tena. Nikaona jambo ambalo hakuna aliyeniambia: Aunty akinyoosha mikono kumpokea mtoto, mama alijifanya anamnyonyesha. Mtoto wa miaka tisa hahitaji kuambiwa kwa maneno. Nilimpenda mdogo wangu mpaka kifua kiliuma, na nikaamua kwamba nitajua ni nini kinacholia ndani ya nyumba ile.

Nilingoja siku ya soko. Asubuhi mama alimpeleka Kibet zahanati akachomwe sindano, Aunty akaenda Sosiot kununua uzi. Mlango wake ulifungwa kwa kamba tu. Nikaingia.

Juu ya meza, chini ya kitambaa safi, kulikuwa na mto. Niliugusa, nikaona ni mgumu kama gunia la sukari. Ulikuwa umechomwa pini, pini nyingi sana, zimepangwa kwa mistari kama miche kitaluni, na katikati yake nyuzi nyeupe zimepishana katika umbo ambalo sikulielewa. Hapa na pale palikuwa na madoa madogo ya rangi ya damu iliyokauka. Kutoka kwenye nyuzi vilining'inia vijiti vyembamba, urefu wa kidole, kila kimoja na shanga mbili chini yake. Nilipokigusa kimoja, kikagonga mwenzake. Tak.

Ningetoka hapo. Lakini vijiti vilikuwa na maandishi yaliyokwaruzwa kwa sindano, na mimi shuleni nilikuwa wa kwanza kwa kusoma. Nikasoma Joel. Nikasoma Kogo. Nikasoma Mama Chela. Nikasoma Chela, jina langu, limefungwa uzi shingoni. Na kando yangu kabisa, kijiti kipya: Chumo.

Nilikiuma kile kijiti pale uzi ulipotokea, nikaukata kwa meno, nikarudisha kitambaa, nikakimbia nacho jikoni kwetu na kukitupa katikati ya moto. Kiliwaka vizuri. Nikakaa hapo mpaka kikawa majivu, nikiomba sala ya kulala, kwa sababu ndiyo niliyoijua yote.

Na sasa sikia maajabu. Jioni ile Kibet alinyonya. Kesho yake kikohozi kikapungua, siku ya tatu akacheka. Sindano ya zahanati sikuikumbuka hata kidogo. Mimi ndiye niliyemponya. Nikamwambia mama kwamba nimechungulia dirishani nikaona mto wa pini na majina yetu yote, na la Chumo pia. Habari ya kuingia, na ya moto, niliificha. Mama aliweka sufuria chini na kwenda moja kwa moja kwa kogo.

Jumapili, baada ya kanisa, tulikaa sebuleni kwa kogo. Uncle Joel alikaa mlangoni akiangalia viatu vyake. Nilijua, kwa kuwa nilisikiliza ukutani kama kawaida yangu, kwamba kogo alishasema: kama ni kweli, bibi ya Joel atarudi kwao wiki hiyo hiyo, na Joel akitaka kumfuata amfuate. Aunty aliambiwa alete kile kitu. Alikileta amekikumbatia kwa mikono miwili, akakiweka mezani, akaondoa kitambaa. Mama alimfunika Kibet uso.

"Hii ni nini?" kogo aliuliza.

"Ni lesi, mama. Ya kushona kwa nguo ya mtoto ya kubatizwa. Nilitaka iwe siri mpaka siku yenyewe."

"Na unachoma choma na pini?"

"Pini inashikilia tu. Ukitoa, lesi inabaki."

Akaanza kutuonyesha, na sauti yake ilitetemeka mpaka mikono iliposhika vijiti, kisha ikatulia. Alifundishwa na mtawa mzee aliyetoka Ulaya, katika shule ya ushonaji ya wasichana kule kwao. Mto aliujaza mwenyewe vumbi la mbao kutoka kwa seremala, akalishindilia mpaka pini isimame bila kuyumba. Vijiti alichonga kwa matawi ya chai tuliyopogoa, kwa kuwa mti wa chai ni mgumu na hauachi nyuzinyuzi. Shanga ni za kuvipa uzito ili uzi usilegee. Mlango aliufunga kwa sababu ya kuku na vumbi. Madoa ni kutu, kwani pini za duka haziwezi unyevu wa kwetu, na angeyatoa kwa limau na chumvi juani. Uncle Joel aliinua kichwa kidogo.

"Na majina?" kogo aliuliza. "Hii ya Chumo ulitoa wapi?"

"Vijiti ni ishirini na nne, mama. Nikiviita kwa namba napotea. Nikiviita nyinyi sipotei. Kogo anapita juu ya Joel, Joel anazunguka Mama Chela." Akasita. "Chumo nilisikia Mama Chela akimwita mtoto akilia. Nilifikiri ni jina ya kubembeleza tu. Kwetu hatuna hiyo mambo ya chafya, hakuna mtu aliniambia."

Kogo akainama, akahesabu vijiti kwa kidole, akafika mwisho. "Ni ishirini na tatu. Na Chumo sioni."

"Uzi mmoja unafungwa vijiti viwili," Aunty alisema polepole. "Chumo nilimfunga na dada yake. Uzi yake imekatwa."

"Na nani?"

Aliniangalia. Nilihisi meno yangu mdomoni, kila jino peke yake.

"Panya," akasema.

Kogo akainama tena juu ya mto, akapapasa lesi kwa ukucha. Ujanani alishona ngozi kwa shanga, na jicho lake lilijua kazi ya mikono. Hatimaye akasema majina ya watu wasiwekwe kwenye vijiti tena, aweke ya ng'ombe akitaka, na mlango uwe wazi. Kisha akamwambia mama amimine chai. Aunty alipewa kikombe cha kwanza, na alikishika bila kunywa mpaka kikapoa.

Jumamosi iliyofuata aliniita. Akaweka kiti changu mlangoni, kwenye mwanga, akanifundisha kwanza kuunganisha uzi uliokatika. Kama nawe unataka kujaribu, ni hivi. Usifunge fundo katikati ya kazi, litaonekana milele. Tundika uzi mpya kwenye pini kando, uulaze sambamba na mkia wa ule wa zamani, uende nao pamoja hatua tano au sita, kisha uache wa zamani na kuukata mwisho kabisa. Mkia ulitosha kwa sababu yule panya, Aunty alisema bila kuniangalia, alikuwa ameuma karibu na kijiti.

Mengine yalikuja Jumamosi baada ya Jumamosi. Toboa matundu ya mchoro kwenye kadi inayolala juu ya mto kabla ya kuanza, usitoboe ukiendelea. Anza na jozi sita tu, uzi mnene wa rangi mbili, ili uone nani kaenda wapi. Kazi yote ni mienendo miwili: kuvusha, ambapo kati ya vijiti vinne wa ndani wa kushoto anapita juu ya mwenzake wa kulia, na kusokota, ambapo katika kila jozi wa kulia anampanda wa kushoto. Vusha, sokota, vusha, na umepata kitambaa. Shika vinne tu kwa wakati mmoja, vingine vingoje zamu. Pini za ukingoni zilale kidogo kwa nje, la sivyo lesi itajikunja. Ukikosea, usikate, rudi nyuma ulivyokuja. Na nawa mikono.

Kibet alibatizwa akiwa na lesi shingoni, akaitapikia. Mimi nikakua nikiamini kwamba Aunty alisema panya ili kuniokoa, na kwamba zile Jumamosi zilikuwa msamaha. Niliibeba shukrani hiyo mpaka ukubwani. Mwaka jana nilimtembelea, sasa ni Mama Kerubo mwenye wajukuu, nikaona ni wakati wa kumshukuru kwa mdomo. Nilimweleza yote, meno na moto na sala ya kulala. Alisikiliza akiendelea kuvusha na kusokota.

"Nilijua siku hiyo hiyo," alisema. "Panya hafuniki kitambaa tena."

"Basi ulinificha kwa nini, Aunty?"

Akasimamisha vijiti. "Ningesema ni wewe, wangeuliza mtoto anaogopa nini kwangu. Mtoto hasemi uongo, ndio wanaamini. Wewe ungelia tu, na mimi ningekuwa kwa barabara na mzigo yangu."

"Na kunifundisha?"

"Nilitaka uwe mahali naweza kukuona. Na wao pia waone mimi na wewe." Alitabasamu kidogo, kwa haya. "Nilikuwa nakuogopa, Chela. Mwaka mzima. Ukiingia na hiyo macho yako, mikono ilikuwa inatoa jasho mpaka uzi inachafuka."

Nilikuwa na miaka tisa, nimevaa sare iliyochanika bega, na mwanamke mzima alinawa mikono mara mbili ili jasho la kuniogopa lisichafue uzi. Nilimwuliza kama aliwahi kuacha kuniogopa. Akasema ndiyo, aliacha, hajui ni lini, akanisogezea kiti na kunipa jozi nne za upande wa kulia. Tulifanya kazi mpaka mvua ikaja. Mara mbili nilimkamata akiniangalia mikono.